Mpiga Piano Kaachwa, BTS Wakanyolewa

Swali hili nimeletewa mara nyingi mno: "Dada, BTS wameiletea Korea hela zote zile, serikali ilishindwaje kuwasamehe jeshi?" Vijana wote saba wa kundi hilo la pop la Korea Kusini wameshamaliza, Suga akiwa wa mwisho Juni 2025, na bado naulizwa. Basi naliandika hapa, siku nyingine nitatuma linki tu.

Kule kila mwanaume mwenye afya lazima atumikie jeshi. Msamaha upo tangu 1973, ila unakwenda kwa orodha. Medali yoyote ya Olimpiki, unapona. Dhahabu ya Michezo ya Asia, unapona. Mpiga piano au mcheza baleti akishika nafasi ya kwanza au ya pili kwenye mashindano ya kimataifa yanayotambuliwa na serikali, naye kapona. Hata bingwa wa ngoma na muziki wa jadi ndani ya nchi yumo. Mwanasoka Son Heung-min alitwaa dhahabu ya Asia 2018 kule Indonesia. Ligi iliposimama kwa korona mwaka 2020 akaenda kisiwa cha Jeju, akapigishwa kwata wiki tatu na askari wa majini, akarudi kwenye mpira wake.

Muziki wa pop haumo. "Dynamite" ilikaa namba moja kwenye chati ya Billboard Hot 100 mwaka 2020, wimbo wa kwanza wa Wakorea kufika pale, lakini chati si shindano lenye majaji. Mimi naona orodha yenyewe imezeeka. Hata hivyo naielewa Wizara ya Ulinzi ilipokaza shingo. Vita vya Korea vilisimamishwa 1953 kwa makubaliano ya kusitisha mapigano tu, mkataba wa amani haujasainiwa hadi leo. Na watoto hawazaliwi: mwaka 2023 wastani ulikuwa 0.72 kwa kila mwanamke. Kuruta watatoka wapi?

Walichopewa wasanii ni muda. Desemba 1, 2020, Bunge lilipitisha marekebisho ya kumruhusu msanii wa pop mwenye nishani ya utamaduni aahirishe hadi afikishe miaka 30. Jin wa BTS alikuwa anatimiza 28, kikomo cha zamani, siku tatu baadaye! Nishani walikuwa nayo tangu 2018. Miaka miwili ikaisha, na Desemba 13, 2022 akaripoti kambini Yeoncheon, karibu na mpaka wa Kaskazini, kichwa kimeshanyolewa.

Wanaodhani angeweza kutoroka wamuulize Yoo Seung-jun. Alikuwa nyota mkubwa wa muziki wa mwishoni mwa miaka ya tisini, akaahidi hadharani kwamba atatumikia. Januari 2002 akachukua uraia wa Marekani. Mwezi uliofuata akazuiwa uwanja wa ndege wa Incheon, akarudishwa alikotoka. Ameshinda kesi ya viza Mahakama ya Juu mara mbili, 2020 na 2023, na bado ananyimwa. Kuna walioshikwa na dawa za kulevya wakarudi jukwaani baada ya miaka michache. Yeye, zaidi ya miaka ishirini. Hapo ndipo utajua Wakorea wanaliweka wapi suala hili.

Wana hata msemo wake. Msichana anayemsubiri mpenzi aliye jeshini huitwa gomusin, yaani viatu vya raba. Akichoka, akapata mwingine, wanasema kavaa viatu vya raba kinyume. Mashabiki wakalichukua neno hilo wakajiita wao, kwa utani, nusu kwa uchungu.

Wa Jin hawakuvigeuza. Juni 12, 2024 alitoka getini na sare yake baada ya miezi 18. Nje alikuwepo RM, mwenzake wa BTS, naye bado mwanajeshi wa bendi ya kikosi chake, kashika saksafoni, anampigia "Dynamite". Kesho yake tu Jin akawakumbatia mashabiki 1,000, mmoja mmoja, foleni nzima.