Kizuri Hakijiuzi: Dhana Potofu Kuhusu Vitabu Vilivyopuuzwa

Methali inasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye mambo mengine sina ugomvi nayo, ila kwenye vitabu imetupotosha sana. Kila ninapomsifia mtu riwaya ambayo hakuna anayeizungumza, swali huwa lilelile, tena linaulizwa kwa nia njema kabisa: "Kama ni nzuri hivyo, mbona sijawahi kuisikia?"

"Kingekuwa kizuri, kingeshajulikana"

Hii ndiyo mama wa dhana zote, kwa hiyo tukae nayo kidogo. Chukua Moby-Dick ya Herman Melville, ambayo leo inatajwa miongoni mwa riwaya kubwa za Marekani. Ilitoka mwaka 1851, London kwanza, kisha New York mwezi uliofuata. Toleo la London lilitoka bila lile hitimisho fupi linaloeleza jinsi msimulizi alivyonusurika. Wahakiki wa Uingereza wakahoji, na walikuwa na haki: ikiwa meli imezama na wote waliokuwamo, huyu anayetusimulia ametokea wapi? Ukurasa uliodondoka huko matbaani ukamfanya mwandishi aonekane hajui kazi yake. Desemba 1853 moto ukateketeza jengo la wachapishaji wake wa New York, pamoja na nakala zilizokuwa hazijauzwa. Melville akaishia kuwa mkaguzi wa forodha bandarini kwa miaka 19. Alipofariki mwaka 1891, kitabu kilikuwa kimeuza nakala elfu tatu na ushei tu. Wasomaji walianza kukirudia karibu na mwaka 1919, ilipotimia miaka 100 tangu azaliwe.

Sasa niambie, ubora wa kitabu ulihusika wapi hapo?

Na Melville alikuwa na bahati mbaya ya kishindo. Vingi hufa kimyakimya. Kitabu kipya hupewa muda mfupi kwenye rafu. Kisipotembea, kinarudishwa kwa mchapishaji ili kupisha kingine. Toleo likiisha, hakuna anayeona haja ya kuchapa jingine. Ongeza jalada lisilovutia, mchapishaji aliyefilisika, au lugha ambayo wafasiri wake ni wachache, na kitabu kimeondoka machoni pa watu kabla hakijafika mikononi mwao.

"Basi tuzo zitakiokoa"

Wakati mwingine, ndiyo. John Williams aliandika Stoner mwaka 1965, ikauza nakala zisizofika 2,000, ikapotea. Mwaka 1973 akapata Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani, kwa pamoja na mwandishi mwingine, lakini kwa riwaya yake tofauti. Stoner haikufufuka kwa tuzo hiyo. Mwandishi alifariki 1994, na kitabu kikaja kuvuma Ulaya baada ya mwandishi Anna Gavalda kukitafsiri kwa Kifaransa mwaka 2011.

Karibu na sisi kuna Abdulrazak Gurnah. Riwaya yake Paradise iliingia kwenye orodha fupi ya tuzo ya Booker mwaka 1994. Tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilitoka 2022, baada ya Nobel ya 2021. Miaka 28! Na hicho ni kitabu ambacho maneno ya lugha yetu yamo ndani yake tangu kilipoandikwa.

"Ukikisifu sana, atakisoma"

Kosa hili nalijua kwa sababu ni langu. Nina rafiki muuguzi. Nilimwazima riwaya niipendayo, nikamwambia ni kito, itabadilisha maisha yake, asipoililia basi ana moyo wa jiwe. Ilikaa kwake miezi saba. Iliporudi ilikuwa na karatasi ya dawa kati ya ukurasa wa 22 na wa 23, na hapo ndipo alipokomea. Hakusema neno, na mimi sikuuliza. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimempa mzigo. Kila ukurasa aliofungua alikuwa anangoja maisha yabadilike, na hayabadiliki kwenye ukurasa wa 22.

Mara ya pili nilimpa Stoner, na nilibadili maneno. Nikamwambia: ni maisha ya mwalimu wa chuo kikuu, hakuna kifo cha ajabu, hakuna siri, na ndoa yake itakuudhi. Lakini kuna mahali pamoja mwanzoni. Kijana ametoka shambani, yupo darasani, mwalimu anamuuliza shairi la Shakespeare lina maana gani. Anajibu, "Maana yake…" na anainua mikono kidogo. Anajaribu tena, "Maana yake…" na anashindwa kumaliza. Nikanyamaza hapo. Akanyoosha mkono akichukue.

Tofauti ni ndogo tu. "Ni kizuri mno" ni habari zangu mimi. Yule kijana aliyekwama katikati ya sentensi ni habari za kitabu. Na udhaifu ukiutaja mapema, msomaji akikutana nao hatadhani amedanganywa.

"Usimsimulie chochote, utamharibia utamu"

Kwa hadithi ya upelelezi, sawa, funga mdomo. Lakini wengi wameichukua kanuni hiyo wakaivisha kila kitabu, mpaka pendekezo linakuwa "wewe soma tu, utaona." Hakuna mtu aliyechoka na kazi atakayefungua kurasa 300 kwa sababu hiyo. Aya ya kwanza kabisa ya Stoner inakwambia huyu bwana aliingia chuo mwaka 1910 akiwa na miaka 19, akafundisha hapohapo mpaka kufa, hakupanda cheo sana, na wanafunzi wachache walimkumbuka. Mwandishi mwenyewe kamwaga kila kitu mlangoni. Wewe unaficha nini?

"Kilichosahauliwa ni lulu iliyofichika"

Hapana. Vitabu vingi vilisahauliwa kwa sababu vinachosha. Kupuuzwa si sifa.

"Vinavyopuuzwa ni vya waandishi wasiojulikana"

Jina kubwa nalo hufunika. Arthur Conan Doyle alizithamini riwaya zake za kihistoria kuliko hadithi za mpelelezi wake Sherlock Holmes, na wasomaji wakamkatalia. Kwetu, anayemtaja Shaaban Robert huanzia Kusadikika, mara nyingi kwa sababu alikisoma shuleni. Muulize kama amesoma Wasifu wa Siti binti Saad, maisha ya mwimbaji yaliyoandikwa na mshairi, uone atakavyotulia. Kwa hiyo njia rahisi ya kumpendekezea mtu kitabu kilichosahauliwa ni kuanza na mwandishi anayemwamini tayari.

"Sauti ya msomaji mmoja haifiki popote"

Zora Neale Hurston alifariki mwaka 1960 akazikwa kaburi lisilo na jina. Riwaya yake ya 1937, Their Eyes Were Watching God, ilikuwa imetoweka madukani. Mwandishi Alice Walker alilitafuta kaburi hilo, akaweka jiwe mwaka 1973, akaandika makala ya safari hiyo mwaka 1975. Riwaya ilichapwa upya 1978 na haijaondoka tena. Walker hakuwa peke yake, wapo walimu waliokuwa wakigawiana nakala zilizochakaa. Lakini hao nao walikuwa ni wasomaji, mmoja baada ya mwingine.

"Nakala hazipatikani, kwa nini unitamanishe?"

Haya ndiyo malalamiko halali kuliko yote, ingawa si ya kukatisha tamaa. Nchi nyingi hakimiliki hukoma miaka 50 au 70 baada ya mwandishi kufariki, na baada ya hapo kitabu kinaweza kuwekwa intaneti bure. Project Gutenberg, maktaba ya vitabu vya kielektroniki, inafanya hivyo tangu 1971. Maktaba nyingi huagiziana vitabu, ila lazima uombe, maana hakuna atakayekuuliza. Ukipendekeza kitabu, taja na kinapopatikana.

Stoner yangu usiniombe. Muuguzi alimpa mwenzake wa zamu ya usiku, na nasikia huko nako imeshahama.