Kwa nini risasi ya betri humfikia mtoto asiyewahi kukanyaga karakana?

Humfikia kwa sababu mzazi huibeba hadi nyumbani. Fundi wa jua kali wa Kisumu au Nakuru anayepasua betri za gari zilizokufa hushika unga wa kijivu na kahawia kutoka kwenye sahani za ndani. Unga huo una madini ya risasi, ambayo ni sumu, na hauozi wala haupotei hewani. Hunasa kwenye ovaroli, nywele, kamba za viatu, hata kwenye mwanya wa kava ya simu. Jioni simu hiyohiyo hupewa mtoto achezee, naye huitia mdomoni.

Mtoto wa kilo 12 ana damu ya takriban lita moja. Shirika la Afya Duniani hutaka chanzo kisakwe kipimo cha risasi mwilini kikifika mikrogramu 5 kwa desilita (sehemu ya kumi ya lita) ya damu, yaani mikrogramu 50 katika damu yote hiyo. Huo ni kama uzito wa chembe moja ya chumvi. Tena utumbo wa mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima, na akiwa na njaa hufyonza zaidi.

Wengi hubadilisha nguo wakishafika nyumbani, na hapo ndipo mambo huharibika: vumbi limeshapanda boda, limeingia mlangoni. Ovaroli na viatu vibaki karakanani. Vua ovaroli ukiikunja ili upande wa nje uingie ndani. Usiikung'ute, wala usiipulize kwa kompresa. Nawa mikono, kucha na uso kwa sabuni na maji yanayotiririka, ndipo uguse nguo safi. Karai moja wanalochovya mikono mafundi wote huwagawia vumbi tu. Sanitaiza nayo huua vijidudu, haiondoi risasi. Pangusa simu kwa kitambaa kibichi. Kama hapo kazini hakuna bafu, funga kichwa kitambaa mchana kutwa, na uoge nyumbani kabla ya kumbeba mtoto.

Ikibidi ovaroli ifuliwe nyumbani, isafiri ndani ya ndoo yenye kifuniko. Iloweke ndani ya ndoo hiyohiyo, uifue peke yake, na maji yake yasimwagiwe sukuma wiki. Mama mjamzito asiifue, maana risasi huvuka hadi kwa mtoto tumboni. Sakafu ipigwe deki. Ufagio mkavu hurusha vumbi upya.

Anayeyeyusha risasi nyuma ya nyumba ili atengeneze vizito vya nyavu, kwake kunawa ni kazi bure. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo makaa hulifikia bila shida, na moshi wake hutua pale watoto wanapochezea. Sufuria iliyotumika isirudi jikoni kamwe.

Mtoto akipimwa risasi hospitalini, omba damu itolewe kwenye mshipa. Tone la kidole hudanganya kama kidole kina vumbi. Kipimo cha mtoto mmoja kikiwa juu, wapimwe na ndugu zake wote wanaoishi nyumba hiyo.