Tiba ya muziki wodini: mgonjwa ajifunze tena kusoma hisia za wenzake

Dawa kama haloperidoli na klorpromazini hutuliza sauti ambazo mgonjwa wa skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, huzisikia yeye tu. Akisharudi nyumbani, Ipuli au Sikonge hapa mkoani Tabora, ndugu huja na malalamiko mengine: hamtazami mtu usoni, hatambui kama mama amekasirika au amechoka tu, anadakia maneno ya watu. Huo ni upungufu wa utambuzi wa kijamii, na dawa haziugusi sana.

Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti 18 zenye washiriki 1,215, yalionyesha kuwa tiba ya muziki ikiongezwa kwenye matibabu ya kawaida huweza kupunguza kujitenga na kufifia kwa hisia, na kumsaidia mgonjwa kuishi na watu. Matokeo yalitegemea wingi na ubora wa vipindi. Kuwasha redio wodini ni burudani nzuri, lakini tusiiite tiba.

Kikundi kiwe na wagonjwa 6 hadi 8 waliokwisha kutulia, tabibu na msaidizi mmoja, dakika 45, mara mbili kwa wiki. Wakae duara. Ngoma ndogo mbili na manyanga vinatosha. Msaidizi aanze kwa mdundo wa taratibu, kama mapigo 60 kwa dakika, kila mmoja aingie kwa zamu. Kisha mmoja aimbe, wengine waitikie. Anayeitikia hana budi kumtazama kiongozi na kungoja, na hayo ndiyo yaliyompotea.

Kiini cha kipindi ni dakika 20 zinazofuata. Mgonjwa achague moyoni hisia moja: furaha, huzuni, hasira au hofu. Aipige kwa ngoma kama nusu dakika bila kusema neno. Wenzake wataje walichosikia na waeleze wamejuaje: alipiga kwa nguvu, alikatiza, alipunguza kasi. Mpigaji ndiye anayethibitisha. Halafu tabibu aulize, “Nyumbani, nani huongea hivyo, na wewe hufanya nini?” Swali hili likirukwa, mgonjwa atakuwa hodari wa ngoma na nyumbani hali itabaki ileile.

Makosa hutokea. Kikundi cha watu 15 humezwa na wawili wenye sauti. Mgonjwa anayebaki nyuma ya mdundo huambiwa mvivu, kumbe mkono umekakamaa au unatetemeka kwa sababu ya dawa. Apewe pigo moja zito la polepole, na daktari aarifiwe. Anayeziba masikio, anayeanza kujibu sauti au kuzunguka bila utulivu atolewe nje taratibu akiwa na msaidizi, asilazimishwe kumaliza.

Kwa hapa Tabora kuna tahadhari kubwa zaidi: midundo ya ngoma za mizimu, kama za Baswezi (chama cha jadi cha wenye kupandwa na mizimu), isitumike kabla ya kumuuliza mgonjwa na ndugu zake. Kwa mtu anayeamini ametupiwa pepo, mdundo huo waweza kuamsha hofu ile ile anayotibiwa. Nyimbo za kilimo au za harusi ni salama zaidi, ingawa nazo ziulizwe, maana wimbo wa harusi humuumiza aliyeachwa.

Kila kipindi kiandikwe kwenye faili: alimtazama nani, alingoja zamu, alitaja hisia ipi na kwa sababu gani. Dawa ziendelee kama zilivyoandikwa. Ndugu anayehudhuria kliniki asomewe maelezo hayo, naye aeleze aliyoyaona nyumbani tangu kipindi kilichopita.