Akumuleta ya breki si betri

Hii ni mara ya tatu mwaka huu nasikia akumuleta ya breki ikiitwa betri. Jirani yangu, dereva wa taksi ya mtandao, alirudi jioni na Prius yake ya mwaka 2011, gari la haibridi, yaani lenye injini na mota ya umeme, inalia piii bila kupumua, dashibodi imewaka kama mti wa Krismasi. "Kaka, wameipima. Wanasema akumuleta imekufa, ninunue betri." Betri ipi? "Ile kubwa, ya haibridi." Ameshaanza kuulizia bei Ilala, ameshapiga simu kwa shemeji yake kuomba mkopo.

Akumuleta ya breki ni kichupa cha chuma. Ndani yake kuna gesi ya naitrojeni iliyobanwa, na mafuta ya breki upande wa pili. Pampu ndogo ya umeme husukuma mafuta humo mpaka gesi inajikunja, na ukikanyaga breki presha iliyokuwa inasubiri inatoka papo hapo. Gari la kawaida halihitaji kitu hicho kwa sababu busta yake, kile kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki, hupata nguvu kwa kufyonza hewa kupitia injini. Injini ya haibridi hujizima kila mkisimama kwenye foleni, sasa busta ifyonze nini? Ndiyo kazi ya kichupa.

Haya, hilo limekwisha. Kinachonikera ni jina.

Neno lenyewe limetoka kwenye Kilatini, *cumulus*, yaani lundo. Umeme haumo. Kuakumuleti ni kulundika, na unaweza kulundika chochote: mchanga, madeni, presha. Waliolitumia kwenye mitambo mapema walikuwa watu wa maji. Katikati ya karne ya 19 kule Uingereza, mhandisi William Armstrong alitaka winchi za bandarini ziendeshwe kwa maji yenye presha. Pale Grimsby ulijengwa mnara mrefu, ukakamilika mwaka 1852, wenye tangi juu ili uzito wa maji yenyewe ndio ulete presha. Kwingine, ambako hawakuwa na mnara, waliweka mizigo mizito juu ya silinda iliyojaa maji, na mzigo ukashuka polepole huku ukisukuma. Hiyo ndiyo akumuleta. Daraja la Tower Bridge la London, lililofunguliwa mwaka 1894, lilikuwa likinyanyua mabawa yake kwa mtindo huohuo: injini za mvuke zinasukuma maji taratibu na kuyaweka kwenye akumuleta, meli ikifika presha inaachiliwa kwa mkupuo.

Betri ya kuchajiwa ilikuja pembeni. Mfaransa Gaston Planté alitengeneza ya risasi na asidi mwaka 1859, na kwa kuwa nayo inalundika, nayo ikaitwa akumuleta. Wajerumani walilikata wakabaki na *Akku*, na mpaka leo ndilo wanaloita betri ya simu. Warusi wakisema *akkumulyator* wanamaanisha betri ya gari. Waingereza wenyewe, enzi za redio kubwa za mbao, walibeba akumuleta zao mkononi kwenda dukani kuzichajisha. Baadaye waliliacha jina hilo kwenye umeme na kushika jingine, lakini mafundi wa mitambo inayoendeshwa kwa presha ya mafuta hawakuliacha. Kwa hiyo fundi aliyemwambia jirani yangu "betri" hakulitoa hewani. Ameshika nusu ya historia ya neno, bahati mbaya ni nusu isiyokaa chini ya boneti la Prius.

Na sisi tuna neno bora kuliko hilo. Kulimbika. Kisima kikikauka huchoti mara moja, unakaa pembeni na ndoo ukiyaacha maji yajikusanye kidogo kidogo, unalimbika. Mwalimu anayedai malimbikizo ya mshahara anajua hasa maana yake, ingawa kwake kisima kinachelewa kujaa. Kile kichupa ni kilimbikizi: pampu inajaza, kinatunza, mguu unachota.

Ukilishika neno hivyo, mlio nao unaeleweka. Asubuhi ukifungua mlango wa dereva, kabla hata hujakaa, utasikia *vuuuu* kutoka mbele, sekunde chache, kisha kimya. Wengi hudhani ni kasoro. Ni pampu inajaza kisima, kwa sababu usiku presha hushuka kidogo. Shida ni pale gari limesimama, mguu hauko kwenye breki, na *vuuuu* inarudi tena na tena. Hapo maji yanavuja kisimani. Pengine gesi imetoka kwenye kichupa. Mwaka 2013 Toyota iliita zaidi ya magari 200,000 duniani yarudi kurekebishwa, mengi yakiwa Prius, kwa sababu hiyo. Pengine kichupa hakina kasoro, ila vali za ndani ndizo zinazopitisha mafuta kurudi.

Mlio wa kusaga ni habari nyingine kabisa. Motor ya haibridi hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza mwendo huku ikirudisha umeme kwenye betri, kwa hiyo pedi hazitumiki sana, disk zinapata kutu, hasa mvua ikinyesha au ukiegesha karibu na bahari. Breki zikisaga mara mbili tatu asubuhi kisha zikanyamaza, endelea na safari. Zisiponyamaza, fungua tairi uangalie pedi.

Nikamwomba jirani yangu ile karatasi ya kipimo. Ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya kava ya simu, ina alama ya kidole cha grisi. Namba ya kosa ilikuwa C1391: presha ya akumuleta inavuja isivyo kawaida. Ina ndugu zake, C1256, presha iko chini, na C1252, pampu inafanya kazi muda mrefu mno. Zote zinaanza na C, herufi ya breki, usukani na vya chini ya gari. Betri kubwa ya haibridi ikichoka, namba maarufu ni P0A80, na P ni ya injini na mfumo wa kuendesha. Herufi moja tu, na tofauti yake ni mamilioni ya shilingi. Taa ya pembetatu nyekundu isikudanganye, hiyo hutokea kwa makosa ya kila aina. Inakuambia tu uangalie taa nyingine. Kwake zilizowaka ni ya breki nyekundu, ya breki ya njano na ya ABS, mfumo unaozuia tairi kukwama ukifunga breki. Hakuna hata moja inayoitaja betri.

Nilimwambia asiendeshe. Presha ikiisha kabisa inabaki nguvu ya mguu tu, na hujui itaisha ukiwa kwenye mteremko gani. Gari likavutwa hadi kwa fundi mwingine, mwenye mashine inayoweza kutoa upepo kwenye breki za aina hii, maana ile njia ya kupampu pedali na kulegeza nati haitoshi hapa.

Bado anaiita "ile betri ya breki". Nimemwambia polepole, akiona ugumu wa kilimbikizi, aseme tu kichupa.