Uwezekano wa kupata jozi: "yoyote" na "hii" ni maswali mawili

Kuna kauli isiyokwisha midomoni mwa watu, Unguja na Pemba, hata kwa vijana waliokwisha soma mada hii skuli: "Ukitoa vitu viwili, ama vitalingana ama havitalingana, basi nusu kwa nusu." Sivyo. Uwezekano ni idadi ya njia zinazoleta unachokitaka, ikigawiwa kwa idadi ya njia zote, kwa sharti kwamba kila njia ina nafasi sawa na nyenzake. Wanaosema nusu kwa nusu wamelisahau sharti. Majibu kuwa mawili hakuyafanyi yawe na uzito mmoja.

Maana ni hiyo tu. Kosa linalostahili maneno zaidi ni jingine, nalo huwapata hata wanaojua kuzidisha vizuri.

Chukua doti tano za kanga, kila moja na jina lake, uzikate zote. Sasa una pande kumi. Zichanganye kapuni, fumba macho, utoe pande mbili. Uwezekano wa kuwa doti moja ni upi? Upande wa kwanza uwe wowote, hauharibu kitu, maana kila upande una mwenziwe kapuni. Zimebaki pande tisa, na mwenza ni mmoja tu. Jibu ni 1/9, yaani tusui.

Wengi huandika 1/10 mara 1/9, wakapata 1/90. Kuzidisha kwenyewe hakuna kasoro, lakini hilo ni jibu la mtu aliyeuliza: "Nitatoa upande huu niliouonyesha kwanza, kisha mwenziwe?" Akiacha kujali upi unatangulia, njia zinakuwa mbili na jibu ni 1/45. Hiyo ndiyo nafasi ya kupata doti moja uliyoitaja kwa jina kabla ya kutia mkono. Na kwa kuwa doti ni tano, 1/45 mara 5 inakurudisha kwenye 1/9. Kapu ni lile lile, pande ni zile zile, ila maswali ni matatu. Anayebishana bila kusema anauliza lipi, hata akishinda hajathibitisha kitu.

Ukiurudisha upande wa kwanza kapuni kabla ya kutoa wa pili, hesabu inabadilika tena. Pande ni kumi upya, mwenza ni mmoja, kwa hiyo 1/10. Mtu anayeangalia jina la kanga peke yake atahesabu pia ule ule uliorudishwa, naye atapata 2/10, yaani 1/5. Aghalabu wanaojibu 1/5 wameitoa hapa, wakaibandika kwenye swali la kutorudisha.

Ukitoa pande zaidi ya mbili bila kurudisha, usitafute njia za kupata doti. Tafuta njia za kuikosa, kisha utoe kwenye 1. Kwa pande tatu, kukosa ni 8/9 mara 6/8, yaani 2/3, kwa hiyo kupata ni thuluthi. Kwa pande nne, zidisha tena kwa 4/7: kukosa ni 8/21, kupata ni 13/21. Wanaojumlisha husema: pande nne zina jozi sita, basi 6 mara 1/9, jibu ni 14/21. Ile 1/21 iliyozidi ni nafasi ya doti mbili kutoka kwa pamoja, nayo wameihesabu mara mbili. Kwa pande tatu kujumlisha hakukosei, kwa kuwa doti mbili haziwezi kuenea ndani ya pande tatu, na ndiyo maana kosa hili hudumu. Pande sita, huna haja ya hesabu: doti lazima itoke.

Haya yote yanadai uchanganyaji wa kweli. Kanga mpya yenye dondo, yaani wanga wa kukazia kitambaa, mkono huitambua, na pande zilizokunjwa pamoja hukaa pamoja. Hapo nafasi si sawa tena, na hesabu nzima haifai.

Dhumna ina utata wake. Kete ni 28, na saba kati yake zina namba moja pande zote mbili, mfano sita-sita. Uwezekano wa kete mbili kuoana, yaani kuwa na namba moja ya pamoja, si 12/27, ingawa ndiyo inayokuja upesi. Hiyo ni kwa kete ya kwanza yenye namba mbili tofauti, kila namba ikiwa kwenye kete nyingine sita. Ikiwa ni mfano wa sita-sita, zinazooana nayo ni sita tu. Kwa hiyo 3/4 mara 12/27, ongeza 1/4 mara 6/27, jumla ni 7/18.

Na kwa yule anayeshikilia kwamba kutoa kete mbili mfululizo za namna ya sita-sita ni 1/756: 1/28 mara 1/27 ni sawa kabisa, ila hapo amehesabu sita-sita ikitangulia na, tuseme, tano-tano ikifuata. Alichokusudia ni zozote mbili kati ya zile saba. Aanze na 7/28, azidishe kwa 6/27, atapata 1/18.