Rufani ya Kampuni Changa: Siku Zinahesabiwa Tangu Hukumu Itolewe

Tangu mabadiliko ya sheria ya Tanzania ya 2023 yaondoe sharti la kuomba kibali cha mahakama katika rufani nyingi za madai kutoka Mahakama Kuu, ofisi yetu ndogo ya mawakili, inayohudumia kampuni changa na kuendesha rufani, inapokea waanzilishi wanaoamini kwamba njia ya kwenda Mahakama ya Rufani sasa iko wazi kabisa. Kilichoondolewa ni kibali. Muda haukuguswa. Na shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo bado linahitaji uthibitisho kuwa lina hoja ya kisheria.

Notisi ya rufani, yaani taarifa kwamba unakusudia kukata rufani, huwasilishwa masjala ya Mahakama Kuu ndani ya siku 30 tangu uamuzi. Tangu uamuzi, si tangu upate nakala. Wengi hutuambia, "Tulikuwa tunasubiri hukumu ichapwe." Notisi haihitaji hukumu iliyochapwa wala tuzo (amri rasmi inayotokana na hukumu) iliyoandaliwa, inaeleza kwamba hukuridhika na unakusudia kukata rufani. Ikishapokelewa, mpe mjibu rufani, yaani upande wa pili, nakala ndani ya siku 14.

Ndani ya siku hizo hizo 30, mwandikie Msajili barua ya kuomba mwenendo wa shauri (kumbukumbu za yaliyotokea mahakamani), hukumu na tuzo, na nakala ya barua hiyo mpelekee mjibu rufani. Hapa ndipo rufani nyingi hufia. Rufani yenyewe, yaani sababu za rufani nakala 5, kumbukumbu za rufani (mkusanyiko wa nyaraka za shauri) na dhamana ya gharama za mjibu rufani, huwasilishwa ndani ya siku 60 tangu notisi. Muda ambao Msajili ametumia kuandaa nyaraka huondolewa katika hesabu hiyo kwa hati ya ucheleweshaji, ambayo yeye huitoa kuthibitisha muda huo, lakini barua isipomfikia mjibu rufani, huwezi kuitegemea hati hiyo. Msajili ana siku 90 za kuandaa nyaraka. Zikipita kimya, unatakiwa ufuatilie mwenyewe ndani ya siku 14. Hesabu ya siku hizi haimsubiri anayekaa kusubiri simu.

Jambo lingine, na tunalirudia kila wiki: notisi ya rufani haizuii utekelezaji wa hukumu. Haimzuii dalali wa mahakama kukamata kompyuta zenu, wala benki kufungia akaunti kwa amri. Zuio huombwa Mahakama ya Rufani ndani ya siku 14 tangu mpokee taarifa ya utekelezaji. Ombi huambatanishwa na notisi ya rufani, hukumu, tuzo na taarifa hiyo, na lazima mtoe dhamana ya kutekeleza hukumu mkishindwa. Kwa kampuni yenye mtaji mdogo, dhamana ndiyo mtihani mkubwa, hivyo mazungumzo na benki yaanze mapema.

Muda ukishapita, unaweza kuomba uongezwe kwa sababu za msingi. Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba hata siku moja ya kuchelewa lazima ielezwe. Kutojua sheria si sababu, na kwa kawaida uzembe wa wakili nao si sababu. Mkurugenzi kuwa safarini akitafuta mwekezaji hakutoshi bila maelezo ya siku kwa siku.

Kwa hiyo ukienda kwa wakili, awe wetu au mwingine, nenda na namba ya shauri, tarehe ya hukumu na azimio la bodi linaloruhusu rufani, hasa kama mgogoro ni baina ya wanahisa. Nakala ya hukumu inaweza kufuata baadaye.