Mbona habari za Afghanistan hazina jina la mwandishi?

Kwenye mafunzo yetu ya usalama wa wanahabari kuna swali halikosi. Nikiwaonyesha habari ya Zan Times au Rukhshana Media, vyombo vya mtandaoni vya wanawake wa Afghanistan, lazima mtu aulize mbona jina la mwandishi limebadilishwa, huu si umbea tu wa mtandaoni? Swali zuri, maana wengi tumefundishwa kwamba habari isiyo na mwenyewe usiiamini. Ila kwa Afghanistan ya sasa hivi hilo jina la bandia ndo linamfanya dada wa watu leo alale kwake na sio mahabusu, ngoja nieleze.

Taliban waliingia Kabul tarehe 15 Agosti 2021. Desemba ya mwaka huohuo shirika la Waandishi Wasio na Mipaka pamoja na chama cha wanahabari wa kule wakapiga hesabu, wakakuta kati ya vyombo vya habari 543 tayari 231 vimefungwa, na katika kila wanawake watano waliokuwa kwenye hiyo kazi, wanne hawana kazi tena. Miezi minne tu hiyo. Mei 2022 watangazaji wa kike wa TV wakaamriwa wafunike uso wakiwa hewani, pale TOLOnews, kituo cha TV cha Kabul, wanaume nao wakavaa barakoa nyeusi wakasoma habari hivyohivyo kuwaunga mkono wenzao. Halafu Agosti 2024 ikaja sheria ya kuamrisha mema na kukataza mabaya, vifungu 35, ambayo inasema sauti ya mwanamke isisikike hadharani na picha za viumbe hai zisichapishwe, sasa wewe ripota umebaki na nini?

(Na kabla hamjaniandikia kwamba dini ndo inataka hivyo, Desemba 2022 wanawake walipofungiwa vyuo vikuu, Sheikh Mkuu wa Al-Azhar, kituo kikubwa cha elimu ya Kiislamu kule Misri, Ahmed al-Tayeb, alisema waziwazi kwamba uamuzi huo unapingana na sharia. Tuendelee.)

Kilichotokea ni kwamba chumba cha habari kikahamia nje, ila miguu na masikio vikabaki ndani. Rukhshana Media ilianzishwa Novemba 2020 na Zahra Joya, huyu mama enzi Taliban walipotawala mara ya kwanza alikuwa anavaa kama mvulana na kujiita Mohammad ili aende shule, na jina la chombo chake ni la binti aliyeuawa kwa kupigwa mawe mkoa wa Ghor mwaka 2015. Sasa hivi yeye yuko London. Zan Times, zan kwa Kifarsi ni mwanamke, ilianzishwa Agosti 2022 na Zahra Nader akiwa Canada. Waandishi wao wengi wako hukohuko Afghanistan, wanapiga simu, wanaongea na mjane, na mkunga, na mwalimu aliyefukuzwa, wanatuma kazi kwa mhariri, wanafuta meseji, basi wanarudi kupika kama vile hakuna kitu.

Na hapa ndo watu huwa hawaelewi: jina limefichwa kwa msomaji, mhariri analijua. Mhariri anajua ripota ni nani, aliongea na nani, siku gani, na akiona kitu hakieleweki anarudi kuuliza. Kinachobadilishwa kwenye habari ni jina, mara nyingine na wilaya, maana kwenye kijiji chenye mkunga mmoja ukiandika "mkunga wa kijiji" umeshamtaja tayari.

Hata walimu waliliona hilo mapema. Shabana Basij-Rasikh, mwenye shule ya bweni ya wasichana ya SOLA, Agosti 2021 alichoma moto rekodi zote za wanafunzi wake ili wasije kusakwa wao na familia zao, na mwezi huohuo akahamisha watu kama 250, wanafunzi, walimu na ndugu, mpaka Rwanda. Yani hapa jirani kabisa.

Sasa wakimbizi wanaingiaje kwenye mambo haya ya majina? Wanaingia sana tu. Pakistan ilianza kuwarudisha Waafghani kwa wingi mwishoni mwa 2023, Iran ikaongeza kasi 2025, mwaka huo peke yake wamerudi zaidi ya milioni mbili, wanapitia mpaka wa Torkham upande wa Pakistan na Islam Qala upande wa Iran na vifurushi vyao, wengine wamezaliwa hukohuko na Afghanistan hawajawahi kuiona. Mwanamke akifika mpakani bila maharimu, yani ndugu wa kiume wa kumsindikiza, usafiri ni shida, nyumba ya kupanga shida. Septemba 2025 wafanyakazi wa kike wa Umoja wa Mataifa walizuiwa na Taliban kuingia ofisini, UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ikabidi isimamishe vituo vya kuwapa hela waliorudi, kwa sababu nani atamhoji mama wa watu kama wahudumu wote ni wanaume? Hizo habari za huko mpakani, akina mama wanalala wapi na wanakula nini, nyingi zinaandikwa na hawahawa dada wasio na majina. Na waandishi wenzao waliokimbilia Islamabad, Pakistan, wako na viza zilizoisha wakisubiri nchi ya kuwapokea, kwa hiyo anayeandika habari za wanaofukuzwa naye anaweza kufukuzwa kesho.

Kwa hiyo ukikutana na picha ya mwanamke wa Kabul kwenye maandamano, uso unaonekana vizuri, usiisambaze tu kwa sababu inauma moyo. Angalia kama mwenyewe amekubali.

Radio Begum, iliyofunguliwa Kabul tarehe 8 Machi 2021 na Hamida Aman, inasomesha hewani wasichana ambao shule kwao inaishia darasa la sita. Tarehe 4 Februari 2025 walivamiwa na Taliban, wakachukuliwa komputa, hadi disk na simu, wafanyakazi wawili wakabebwa, redio ikasimamishwa mpaka tarehe 22 walipoambiwa wanaweza kurudi hewani. Nikiwasimulia hii darasani huwa naona watu wanahuzunikia mashine, wakati hatari ni majina yaliyomo ndani yake. Mimi nawaambia washike kalamu, na zoezi la siku ya kwanza ni hilo: kwenye komputa yako ya kazini, hivi sasa, kuna majina ya akina nani?